Video ya Swali Letu

Nilihamia Dodoma Aprili 2018, mwezi uleule manispaa ilipotangazwa kuwa jiji. Televisheni ya mtandaoni niliyokuwa nikiifanyia kazi Dar es Salaam ilitaka mtu wa kukaa karibu na Bunge msimu mzima wa bajeti, na mimi sikuwa na familia ya kuhamisha. Nikapanga chumba Nkuhungu.

Machi ya mwaka huo zilikuwa zimetoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Leseni ilidai shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya kuanzia na nyingine milioni moja kila mwaka. Wapo wenzetu waliofunga. Sisi tulilipa, ndiyo maana nikaja na kamera kuukuu badala ya ile mpya tuliyokuwa tunaiwekea akiba.

Dar ukitoka Kariakoo hadi Posta hukosi habari. Dodoma habari nyingi zimo kwenye karatasi: vitabu vya makadirio, majedwali, majibu yaliyochapwa. Juni 14 Dk. Philip Mpango alisoma bajeti ya shilingi trilioni 32.5. Matangazo ya moja kwa moja ya vikao yalikuwa yamesitishwa tangu Januari 2016. Kamera zetu hazikuingia ukumbini, picha za kikao zilitoka Bunge lenyewe. Wabunge tuliwasubiri nje, kila mwandishi na maiki yenye nembo yake, upepo wa kipupwe ukivuma kiasi kwamba sponji ya maiki haikufua dafu. Niliivisha yangu soksi ya sufu, sauti ikatulia.

Mhariri wangu alitaka moto. “Mdogo wangu, niletee mbunge aliyewaka, hayo maswali ya visima waachie magazeti,” aliniambia. Nilimwelewa, maana mishahara yetu ilitoka kwa watazamaji, na mbunge anayefoka hukusanya watu kabla hujamaliza chai. Lakini mimi nilivutwa na kipindi cha maswali, asubuhi saa tatu. Mbunge anauliza kisima cha kata fulani kitafungwa pampu lini; naibu waziri anasimama, anataja mwaka wa fedha, anakaa. Dakika mbili hazifiki. Nikaanza kukata majibu hayo mazimamazima, bila kupunguza neno, na kuyapandisha usiku wa manane bando linapokuwa rahisi. Walioyatazama walikuwa wachache mno.

Mwaka uliofuata nikapigiwa simu na diwani mmoja nisiyemjua. “Mwandishi, habari za kazi. Ile video ya swali letu la kisima bado unayo?” Mwaka wa fedha uliotajwa ulikuwa unaisha na pampu haijaonekana. Walikuwa na kikao cha halmashauri, na wazee walitaka jibu lichezwe pale pale, mbele ya wataalamu. Nilimtumia kwa WhatsApp. Kikao kiliishaje sikuambiwa, ila simu za namna hiyo zikaanza kuja kutoka majimbo mengine, na mimi nikajua nimehamia Dodoma kufanya nini.

Tangu hapo kila faili langu lina jina kamili: tarehe, jimbo, kata, mada, cheo cha aliyejibu. Nakala moja iko ofisini, nyingine nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu vumbi la huku halina huruma na diski. Ni kazi ya kuchosha, na naiheshimu kuliko mahojiano yoyote niliyowahi kufanya na kigogo.

Tangu treni ya umeme ianze safari 2024, wenzangu wa Dar wanakuja asubuhi na kurudi jioni. Mimi nimebaki, na sasa nina vijana wawili wa mafunzo. Juzi mmoja alitafuta kata ya kwao kwenye diski, akakuta barabara ileile imeahidiwa mara mbili, miaka miwili tofauti, na mawaziri wawili tofauti. Amekwishaongea na mtendaji wa kata na mhandisi wa wilaya. Habari hiyo tunaipandisha Jumatatu.