Kumi na Tano Kabla ya Tisa

Bonga ni kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Muuza mbaazi wa huko awekaye hesabu katika simu ya Android ameziweka juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Kwa hiyo mkononi mwake mna sheria ya zamani: sheria ya ishara.

Programu iliyo kazini hupelekewa ishara, na kila ishara ina nambari. Amri ya kuipeleka huitwa kill, maana yake ua. Lakini jina hili ni kali kuliko tendo lake. Ikitolewa bila nambari hupeleka ishara ya 15, nayo ni ombi la kumaliza. Programu yenye adabu hulipokea, huandika yaliyosalia, hufunga majalada yake, kisha huondoka. Ishara ya 9 si ombi. Programu haiwezi kuizuia wala kuipuuza. Kiini huikatia uhai, na neno lisiloandikwa hupotea.

Upanga huu hapewi kila mtu. Mtumiaji wa kawaida huweza kuzikomesha kazi zake mwenyewe tu. Msimamizi mkuu huweza kuzikomesha za wote. Hata hivyo uwezo una mpaka. Kazi iliyokwisha kufa, ambayo mzazi wake hajapokea habari ya mwisho wake, hubaki daftarini kama msukule, na ishara ya 9 haiiondoi, kwa kuwa maiti hafi mara ya pili.

Kumbukumbu ya simu ikipungua, Android huzikata kwa ishara ya 9 programu zilizoachwa nyuma, bila kuziuliza. Hapo hesabu ya magunia husalimika ikiwa tu mtunga programu aliihifadhi mapema.

Basi mafunzo ni mawili. Mwenye nguvu na aanze na 15, angoje jibu, wala asishike 9 ila kwa dharura; haraka haraka haina baraka. Mwenye kazi naye asitumaini kuombwa kwanza siku zote. Na aandike leo lile asilotaka lipotee, maana ishara ya mwisho haipigi hodi.