Kisu Butu na Mwalimu wa Darasa

Katika baadhi ya shule tulizopata kufundisha, kisu kilikatazwa kuvuka mlango wa darasa. Sababu ilikuwa moja: mtoto atajikata. Hatuidharau sababu hiyo, kwani dhamana ya watoto wa watu si jambo dogo. Lakini mtoto huyo huyo, arudipo nyumbani jioni, hukabidhiwa kisu amenye mihogo, na mara nyingi kisu hicho ni butu. Katazo letu halimwondolei hatari; linamwondolea mwalimu tu.

Yafaa mwalimu-mwanafunzi aelewe kwanza hatari ya kisu butu. Makali ni ukingo mwembamba. Nguvu ya mkono ikikusanyika katika eneo dogo, kanieneo huwa kubwa na kisu hupenya kwa urahisi. Makali yakifa, eneo hupanuka, nasi hulazimika kukandamiza. Hapo ndipo kisu huteleza juu ya ganda la kitunguu na kuuangukia mkono ulioshika. Wahenga waliposema kuwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, hawakutaja kanieneo, ila kazi yake waliijua.

Tumeona wanafunzi wengi wakinoa kwenye kizingiti cha saruji, kisu kikiyumbayumba. Makali ya namna hiyo huwa na mapengo. Kinoo chenye pande mbili ni bora zaidi: upande wa chembe kubwa hurudisha makali yaliyokufa, na upande laini huyamalizia. Kinoo kiloweshwe maji na kuwekwa juu ya kitambaa kibichi ili kisiteleze.

Jambo kuu ni pembe. Kisu cha jikoni hunolewa kwa pembe ya digrii 15 hadi 20. Mgongo wake ukiinuliwa juu ya kinoo kwa theluthi moja ya upana wa bapa, pembe huwa karibu digrii 20. Basi kisu chenye upana wa sentimeta 3 kitainuliwa sentimeta 1. Rula yatosha, na somo la hisabati limekwisha ingia jikoni. Kisu kisukumwe na kuvutwa kwa pembe ile ile, kutoka karibu na mpini hadi ncha, mpaka ukingo wa chuma upinde kidogo upande wa pili. Kisha kigeuzwe. Makali yajaribiwe kwa kukata karatasi, kamwe si kwa kidole.

Sisi hugawa somo hili katika sehemu tatu. Katika ya kwanza hakuna kisu: kila mwanafunzi huitembeza rula ya mti juu ya dawati kwa pembe iliyopimwa. Katika ya pili mwalimu hunoa, kundi la watoto watano baada ya jingine likitazama. Katika ya tatu mwanafunzi mmoja mmoja hunoa, mwalimu akiwa ubavuni pake. Darasa la watoto 60 halimalizi kwa juma moja, wala halina haja ya kuharakishwa. Wavulana wasiachwe kando kwa dhana kwamba jiko ni la wasichana. Wala wasichana wasibaki kumenya tu huku wavulana wakinoa.

Kunoa bila kutunza ni kuchota maji kwa pakacha. Tukatie juu ya ubao, si juu ya sahani. Kisu kilichokata ndimu kioshwe na kukaushwa mara moja, maana tindikali na unyevu huharakisha kutu. Kisichomwe motoni, kwani joto kali huuondoa ugumu wa chuma. Kisiachwe ndani ya beseni la povu, ambamo mkono wa mwingine utakikuta. Anayempa mwenzake kisu akiweke mezani, mwenzake akichukue.

Atakayeandaa somo hili ataulizwa na mwalimu mkuu: mtoto akijikata, nani atawajibika? Ni sisi walimu. Na kwa kuwa ni sisi, hatuna budi kufundisha. Tuanze na kinoo kimoja, visu viwili, na kisanduku cha huduma ya kwanza karibu. Mtihani wa somo hili hausahihishwi darasani: hufanyika jioni nyumbani, mtoto akikiona kisu cha mama yake kimekufa makali, naye akaenda kutafuta jiwe.