Risasi za Manza, Jibu la Matema

Sisi wa Tanga Vita Kuu ya Kwanza tunaijua kwa nyuki. Muulize mtoto wa shule pale Chumbageni nani aliwafukuza Waingereza Novemba 1914, atakutajia nyuki kabla hajamkumbuka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mimi kisa kinachonikosesha usingizi ni cha mwaka uliofuata, nacho hakisimuliwi sana. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojificha nyuma ya jina la Kidenmaki, Kronborg, ilifika pwani yetu ikiwa na shehena ya bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaibana. Nahodha akaiingiza meli ghuba ya Manza, kaskazini ya mji, ikakaa kwenye maji mafupi huku ikifuka moshi. Waingereza wakaondoka wakijua imekwisha. Haikwisha. Shehena iliopolewa, ila risasi zilikuwa zimeshakunywa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe moja moja, zikaushwe, zisafishwe na kufungwa upya kwa mikono.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Mtu amekaa kivulini siku nzima anafunga risasi. Ile ya asubuhi na ile ya alasiri zinaweza kuwa sawa? Na askari aliyepewa mchanganyiko huo alilenga vipi?

Nilimwuliza shemeji yangu, Mnyakyusa wa Kyela aliyemuoa dada yangu. Hakufikiri mara mbili. “Baba mdogo yuko Matema. Miaka mingi alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi za uwindaji kule Rungwa, na risasi amezijaza kwa mikono yake chini ya usimamizi wa bosi wake. Nenda ukamsikilize mwenyewe.” Kusini sikuwa nimewahi kuvuka Iringa. Nikafunga mzigo.

Basi lilinishusha Mbeya usiku, nikiwa nimevaa dera jepesi na kujitanda mtandio. Baridi ya Uyole nilikuwa nimeisikia kwa watu. Kumbe kuisikia na kuivaa ni vitu viwili. Kondakta wa gari la Tukuyu alinitazama, akacheka, akaniuliza kama natoka pwani. Kulipopambazuka tulikuwa tunapanda na kushuka kati ya mashamba ya chai, migomba imejaa hadi ukingoni mwa lami, Mlima Rungwe umejifunika mawingu. Kwetu mgomba ni wa nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji. Huku nyumba ndiyo iliyo nyuma ya mgomba. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena, wala hakuna aliyeitazama.

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, nilikaa kwa chai ya maziwa na sahani ya mbalaga, ndizi mbichi zilizopikwa zikalainika. Nilitaka kuona Masoko kwanza. Bodaboda akanipeleka hadi penye ziwa la volkano, duara la maji ya kijani lililozungukwa na miti, na karibu yake majengo ya mawe ya iliyokuwa kambi ya Wajerumani. Vijana wa pale wana hadithi za hazina iliyotoswa ziwani Wajerumani walipokimbia. Kila mmoja ana yake, na kila moja ina dhahabu zaidi ya iliyotangulia. Sikuja kwa dhahabu. Nilitaka kusimama mahali ilipokaa kombania ya 5 ya jeshi lao mwaka 1914, kwa sababu askari wengi wa jeshi lile walianza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa 1871: risasi ya milimita 11, moja kwa wakati, yenye baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi mweupe linaning’inia mbele yako na kumwonyesha adui ulipo. Na kama huna upepo, hujui hata kama umepiga. Kutoka nchi hii Wajerumani walivuka mto Songwe kwenda kushambulia Karonga Septemba 1914, wakati Waingereza wa Karonga nao wametoka kuwafuata, majeshi mawili yakapishana porini bila kuonana. Nilipowaza habari hiyo pale kandokando ya migomba niliiamini kabisa. Hatua ishirini tu, na dereva wangu alikuwa ameshapotea machoni.

Kisha tukaanza kuteremka. Hiki ni kitu ambacho ramani haikuniambia. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, ufuko wa Nyasa hauzidi sana 470, na njia inayoziunganisha ni fupi. Nilivua sweta ya kuazima, nikavua mtandio, nikafungua dirisha, bado jasho. Chai ikatoweka, ikaja minazi. Minazi! Nilitaka kushuka niisalimie. Ikaja mpunga, maana mchele wa Kyela tunaununua hadi Tanga na kuusifia harufu, na kila uwanja una mkeka wa kakao inayokauka. Harufu ya kakao mbichi inayochachushwa inakata pua kama siki. Sikuamini kwamba chokoleti hupitia huko.

Matema nilifika jua likielekea milimani, na ziwa likanichanganya akili. Mawimbi, mchanga, mitumbwi, wanawake wanaouza dagaa: kila kitu ni cha pwani. Milima ya Livingstone inasimama majini wima, haina hata adabu ya kuacha uwanda. Nikaingia maji hadi magotini, nikanawa uso, nikangojea chumvi midomoni. Hakuna. Pembeni yangu mama mmoja anasugua sufuria kwa sabuni, povu limejaa. Nikamwuliza maji yatakupwa saa ngapi ili nipite kwenye miamba. Alinitazama kwa huruma. Maji haya hayakupwi, akasema. Yako hapo hapo jana na kesho. Kwa mtu aliyekua akipanga safari, uvuvi na hata kufua kwa kufuata bamvua, hilo lilinitisha kidogo.

Baba mdogo nilimkuta barazani. “Shikamoo baba.” “Marahaba, binti yangu. Ugonile?” Shemeji alikuwa amenifundisha kujibu ndaga, nikajibu, akafurahi kuliko nilivyostahili. Bunduki hana tena, wala leseni. Alichonacho ni daftari la kaunta lililobandikwa karatasi za shabaha, kila moja na matundu yake, tarehe, hali ya hewa na alama za kalamu nyekundu.

Akafungua kurasa mbili. Kwenye ya kushoto matundu matatu yangefunikwa na sarafu moja. Kwenye ya kulia, bunduki ile ile, bosi yule yule, umbali ule ule wa mita 100, matundu yametawanyika upana wa sahani ya chai. “Watu wote husema macho,” akasema. “Bosi naye alisema macho. Akaenda kupimwa Arusha. Macho mazima.”

Nikamwomba anieleze pole pole, kama mtu asiyewahi kushika hata bunduki ya upepo. Walianza na chuma kabla ya baruti. Parafujo moja inayofunga mtutu kwenye kitako ilikuwa imelegea. Nyingine ya darubini nayo. Wakazikaza, matundu yakasogeleana kidogo, hayakutulia. Wakasafisha mtutu, kwa sababu kila risasi inayopita huacha utando wa shaba kwenye ile mifereji iliyojisokota ndani, inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Afadhali kidogo tena. Wakaacha mtutu upoe kati ya mlio na mlio. Kila mara walibadilisha jambo moja tu na kuandika. Bosi alikuwa hana subira, akitaka kubadilisha matatu kwa pamoja. Mzee anasema hapo ndipo walipokaribia kugombana, maana ukibadilisha matatu na mambo yakawa mazuri, hujui umshukuru nani.

Mwisho wakageukia risasi zenyewe, walizokuwa wakizijaza kambini jioni kwa mizani ndogo na taa ya kandili. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki ya kuwashia kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Kila kimoja kikitofautiana kidogo, mwendo unatofautiana, na mwendo ukitofautiana risasi moja inapiga juu na nyingine chini.

Nikamkatiza. Nikamwambia mimi nimelelewa na bibi muuza vitumbua. Chuma kile kile, unga ule ule, lakini cha kwanza hakifanani na wenzake kwa kuwa chuma bado baridi. Ukichota upawa kwa macho, kimoja kinafurika na jirani yake anasinyaa. Na unga uliokaa tangu usiku hauumuki sawa na wa alfajiri. Alicheka hadi akakohoa. “Basi umekwisha kujua. Risasi ya kwanza kwenye mtutu baridi na msafi huenda upande wake peke yake. Tuliandika hivyo hapa.” Akanionyesha: tundu la kwanza, kila ukurasa, lina duara lake la bluu.

Mchawi wao, walipomkamata, alikuwa ganda. Walikuwa wamechanganya maganda mapya na yaliyokwisha kujazwa mara nyingi. Shaba inayopanuka na kubanwa tena na tena hukakamaa, na shingo ya ganda gumu haikishiki kichwa cha risasi sawasawa na shingo laini. Kichwa kimoja kinachomoka mapema, kingine kinachelewa, moto nyuma yake haufanani. Wakayatenga maganda kwa idadi ya matumizi, wakapima urefu, wakahakikisha kila kichwa kimeketi kina kile kile. Ukurasa wa kushoto ndio uliofuata. Ila akanionya nisiuamini sana: matundu matatu hubahatisha, kumi ndiyo yanayosema ukweli.

“Na joto?” niliuliza, nikikumbuka sweta yangu. Akapiga paja. Baruti iliyopata joto huwaka haraka zaidi. Risasi iliyolala kwenye boneti ya gari juani haiendi kama ndugu yake aliyekaa kivulini, na bunduki iliyorekebishwa kwenye baridi ya Tukuyu ikiletwa Kyela mchana lazima ipimwe upya. Nikawaza wale wa Masoko walivyoteremka njia niliyoteremka mimi, wakielekea Songwe. Sina hakika kama kuna aliyewapa muda wa kupima.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, tukaenda sokoni kutazama vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyembamba hata naogopa kuvishika, na njiani ndipo nikamsimulia Manza yote, moto, maji, kukausha. Alisimama katikati ya watu.

“Maji ya bahari?”

“Ya bahari, baba.”

Akatikisa kichwa. Yangekuwa haya ya kwetu, akasema, unakausha na mambo yamekwisha. Chumvi hubaki ndani ya ganda, inavuta unyevu upya kila usiku, inaila shaba taratibu. Angefanya nini yeye? Asingezichanganya. Angezigawa kwa mafungu, kutoka kila fungu achukue risasi chache azijaribu, ahesabu zinazogoma, halafu fungu bora liende vitani na bovu wapewe wanaojifunza. Nikamwambia Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba walizipima kwa kuangalia kiasi kinachogoma. Hakushangaa hata kidogo.

Kuhusu kulenga alikuwa na maneno makavu. Kwenye vichaka kama vya Tanga unampiga mtu wa hatua hamsini. Risasi kwenda upana wa sahani huku au kule haikuokoi wala haikuangushi. Kubwa ni ile inayogoma, na mbaya kuliko zote ni inayochelewa: umevuta, kimya, umeanza kufungua bunduki, ndipo inalipuka usoni. Yule bosi wake alikuwa na sheria, bunduki ikigoma inabaki imeelekezwa kwenye shabaha na hakuna anayeigusa kwa muda. Vitani nani atangoja?

Aliinama kwenye vyungu, akagonga kimoja kwa kucha kusikiliza mlio, akakirudisha, akachagua kingine. Akaniuliza kama kule Manza bado yupo mtu mwenye ganda la risasi zile, hata moja tu lililotoboka, nimletee aiangalie shingo yake. Nikamwambia nitaulizia kwa wavuvi. Akaanza kupatana bei.