Mume Wangu na Twiga Wake

Ungefanyaje mwenzi wako wa miaka 38 akikwambia anaacha kazi ya benki ili achore? Wangu alinitamkia hivyo tukiwa kwa wazazi wake, Kilosa, na ndugu wote wakanigeukia mimi, eti nimkanye.

Sikumkanya. Nilimfikiria George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huko kusini, wazazi wake vibarua wa mkonge, akajifunza kuchonga kama Wamakonde wengi. Alihamia Dar es Salaam miaka ya 1970, anakaribia 40, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Ulinzi! Baadaye ndipo walipoona anachoweza, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Alipofariki mwaka 2005, mashetani wake wenye masikio mapana walikuwa wanajulikana Ulaya na Marekani.

Ila tuambiane ukweli, mume wangu si Lilanga. Picha zake za kwanza alizichora Mikumi, ambako barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatisha hifadhini na wanyama unawaona hata ukiwa kwenye basi. Twiga wake walisimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Nilimwambia. Akaninunia siku mbili.

Mashetani wa Lilanga hawatulii. Ni magoti, viuno, mikono, huyu kamgeukia yule, utadhani uwanja wa sindimba. Na mkonge ndio uliokusanya vibarua wa makabila mengi waliokuja na ngoma zao, hata Kimamba, hapo jirani na Kilosa. Basi nikamtuma mume wangu ngomani, akae mpaka alfajiri, simu aiache nyumbani (hilo ndilo lililomuuma zaidi).

Aliporudi Mikumi akaona kitu. Twiga akitembea huinua miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, na mwili mzima unayumba. Huyo ni mchezaji, bwana! Sasa anachora miguu tu, karatasi kwa karatasi, shingo anaimalizia baadaye.

Tumekubaliana mwaka mmoja. Mshahara wangu unalipa kodi ya nyumba na ada, rangi na brashi ananunua kwa akiba yake, mkopo marufuku. Mama mkwe bado anasema namdekeza mwanawe. Juzi kaomba achorewe twiga wawili wa sebuleni. Bei hajaulizia.