Mtaka uzamili sharti ainame

Je, umewahi kukaribia kutoa pesa zako za jasho ukanunue aibu? Mimi nilikaribia.

Chanzo kilikuwa msiba wa Shakahola. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu huo ulioko bara ya Malindi, nilitumwa kuwahoji jamaa waliokuwa wakiwatafuta watu wao. Nilirudi nyumbani Gede na daftari lililojaa, lakini usingizi ukanihama. Mama mmoja alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, ukishaandika, mimi huu moyo nitaufanya nini?" Sikuwa na jibu. Diploma yangu ya uandishi wa habari ilinifunza kuuliza; haikunifunza kumtuliza anayejibu.

Hivyo basi nikaazimia kusomea saikolojia. Maadamu singeweza kuwaacha watoto niende Nairobi, niliona heri nisome kwa intaneti. Nikapata chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho jina lake nalihifadhi. Hakikutaka shahada ya kwanza. Hakikutaka hata cheti cha sekondari. Uzamili ungepatikana kwa miezi sita, mradi nitume karo yote kwa mkupuo. Mume wangu alikuwa ameweka shilingi 80,000 za mabati. Akakubali mabati yangoje.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye hakuvuka darasa la nne. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. "Mwanangu," akaniuliza, "mkunga husomea ukunga bila kushika mtoto?"

Swali hilo lilinikera, kisha likanizindua. Nikaanza kuulizia. Kumbe tangu mwaka 2014 tunayo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Shahada ya ng'ambo nayo sharti itambuliwe hapa nchini. Nilipokiuliza chuo kile ni nani angesimamia mazoezi yangu, kilinijibu kwa kunipunguzia karo!

Usidhani, msomaji, kwamba nayadharau masomo ya mbali. Hasha! Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimekuwa kikifundisha kwa njia hiyo tangu 1946, na Mzee Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka huko mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Jirani zetu Watanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, nasi tukapata chetu huko Konza mwaka 2023. Umbali si ila. Ila ni kutaka kuvuna pasipo kulima.

Kwa hivyo, kabla hujatuma hata senti moja, uliza mambo matatu. Je, chuo kina ithibati? Je, kinadai shahada ya kwanza kabla ya uzamili? Na je, nani atakusimamia utakapoanza kuwasikiliza watu wenye majonzi?

Mabati yetu yameezekwa. Mimi nimeanza shahada ya kwanza, kwa intaneti vilevile, katika chuo chenye ithibati, na husoma usiku watoto wakishalala. Huenda uzamili nikaupata nikiwa na mvi. Si neno. Yule mama alinikabidhi moyo wake, na moyo wa mtu haushikwi kwa cheti cha kununua.