Batamaji wa Mto Severn

Mapema mwezi Novemba, miti ya Uingereza huwa inapukutisha majani na asubuhi zake ni za baridi kali. Ndiyo majira tuliyokwenda Slimbridge, akina mama watano na watoto wetu, kutembea kando ya Mto Severn na kuangalia ndege.

Severn ndio mto mrefu kuliko yote ya Uingereza, kilomita zipatazo 354. Unapokaribia bahari hupanuka sana, na maji yakipwa huacha uwanda mkubwa wa matope. Asiyejua atasema hapo hapana kitu. Lakini humo mna minyoo na konokono wadogo, chakula cha maelfu ya ndege. Tuliwaona ndege wa midomo mirefu iliyopinda wakiichomeka na kuichomoa matopeni, kama mama anayeshona mkeka kwa shazia.

Mbayuwayu hatukumwona hata mmoja. Hao walikwisha kuondoka kuelekea kusini mwa Afrika. Wageni wa majira haya ni batamaji wa Bewick, ndege weupe pe, ambao hutoka kaskazini kabisa mwa Urusi, safari ya zaidi ya kilomita 3,000.

Tuliingia katika kibanda cha mbao chenye vidirisha vyembamba, tukanyamaza. Watoto walipokezana darubini. Majini walikuwapo wanne: baba, mama, na makinda wawili wa rangi ya kijivu. Makinda hayo hayazaliwi yakiijua njia. Huifuata mara ya kwanza nyuma ya wazazi wao, na majira yote ya baridi familia hukaa pamoja.

Hifadhi ya Slimbridge ilianzishwa na Peter Scott mwaka 1946. Mwaka 1964 alianza kuchora nyuso za batamaji hao, maana alama za njano na nyeusi za mdomo wa kila mmoja ni tofauti na za mwenzake. Kwa hiyo wanatambulika, na hupewa majina. Ndipo ilipojulikana kwamba dume na jike hudumu pamoja miaka mingi. Hadi mwaka 2010, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kumbukumbu, wenzi walioachana wangali hai walikuwa wameonekana mara mbili tu.

Lakini familia hizi zinapungua. Katika Ulaya ya kaskazini-magharibi walihesabiwa wapatao 29,000 mwaka 1995. Mwaka 2010 walibaki kama 18,000. Wengine hugonga nyaya za umeme. Kuwawinda ni marufuku, hata hivyo picha za eksirei zimeonyesha marisau katika miili ya wengi. Tena mahali pa kupumzikia njiani pakikaushwa, safari nzima huharibika.

Mama msomaji, matembezi ya namna hii hayahitaji fedha nyingi. Amkeni mapema, vaeni nguo zisizong'aa, tembeeni polepole, na wafundisheni watoto kunyamaza. Afrika Mashariki nayo hupokea mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia katika miezi hiyo hiyo. Waonyesheni watoto mto au kinamasi kilicho karibu nanyi, wakijue kabla mtu hajaja kukifukia kwa kudhani ni matope tu.