Franga Yetu Ilivyofika Nakivale

Tangu turudi wengi wenu mmekuwa mkituuliza sokoni na njiani: "Ile franga ilifika?" Ilifika. Lakini haikugawanywa vile tulivyopanga katika mkutano, na kwa sababu ni franga ya jasho lenu, nawaeleza yote, hata kosa langu mwenyewe.

Mnakumbuka tulichanga dola 280 kwa ajili ya mama 14 wa chama chetu waliokimbia wakati vita vilipofika Kanyabayonga, Juni 2024, kisha wakavuka Uganda na kupelekwa Nakivale. Mnakumbuka pia ubishi wetu. Wengine walitaka tununue sabuni, chumvi na vitenge hapa Butembo, tubebe mizigo. Nilikuwa upande huo, sifichi. Nilisema ukimpa mama franga mkononi, mume ataikunywa jioni ileile. Tuliishia kubeba franga kwa sababu moja tu: mweka hazina alipiga hesabu ya usafiri na ushuru wa mizigo, akaona nusu ya sabuni itaishia njiani.

Tulitoka Butembo alfajiri, mimi na yeye. Mpaka Beni ni kilometa 54 na zaidi, kisha barabara ya Kasindi, ambayo mnaijua: hakuna anayesinzia humo, na dereva akipunguza mwendo mahali pasipo na watu, kila mtu anaacha kuongea. Kasindi tulibadilisha franga. Dola moja ilitupa shilingi 3,500 za Uganda, kwa hiyo tukawa na 980,000. Gawanya kwa 14, kila mama 70,000 bila kubaki hata kumi. Mweka hazina alifurahi kama mtoto. Alisema Mungu mwenyewe amepiga hesabu.

Ukivuka daraja la mto Lubiriha uko Mpondwe, na kwa saa moja hivi hujisikii mgeni. Watu wa huko wanasema Lukonzo, na sisi wa Kinande tunawasikia bila mkalimani. Lakini baada ya Kasese lugha inabadilika na nchi inafunguka. Unapita katika hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, na pale Katunguru unavuka mfereji unaounganisha ziwa George na ziwa Edouard. Nilitazama yale maji kwa muda mrefu. Ni ziwa letu lilelile la Vitshumbi na Kyavinyonge, nasi tulikuwa tunalitazama kwa mgongo wake. Tembo wawili walisimama karibu na barabara, na kwenye basi hakuna aliyeshangaa isipokuwa sisi. Tulilala Mbarara.

Kesho yake tulipanda gari dogo kuelekea Isingiro. Ni nchi ya ndizi za kupika, vilima kwa vilima, mashamba yaliyopaliliwa mpaka ukingo wa barabara. Kisha lami inaisha, vumbi linaanza, na ndizi zinapungua. Nakivale si kambi ya mahema yaliyozungushiwa uzio, kama nilivyofikiri. Ni nchi ndani ya nchi: vijiji vingi vilivyotawanyika kuzunguka ziwa linaloitwa pia Nakivale, soko, shule, vinyozi, makanisa, misikiti. Imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Wanyarwanda wa kwanza walipofika. Siku hizi kuna Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waeritrea na wengine. Nilinunua maji kwa kijana Msomali aliyenijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea na kufungua duka, na mtu anayefika anapewa kipande cha ardhi. Zamani kilikuwa shamba. Leo watu ni wengi, Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, na mama zetu wamepata nafasi ya nyumba, choo na matuta machache ya mboga.

Tulijiandikisha ofisini, kisha tukapelekwa kijijini na mama mmoja mhamasishaji. Ndiye ninayetaka mmjue, ingawa jina lake silitaji. Ni mkimbizi mwenyewe, mzaliwa wa Rutshuru, na amekaa huko miaka mingi. Shirika moja linampa motisha ndogo ya mwezi ili apite nyumba kwa nyumba. Kabla ya siku ya malipo anaeleza tarehe, mahali, na kiasi ambacho kila mtu atapata, ili asipunjwe. Anajua mzee gani hawezi kusimama mstarini, mama gani amejifungua juzi na nani atamchukulia. Anasikiliza malalamiko, anayaandika katika daftari lenye jalada la nailoni, anayapeleka ofisini, kisha anarudi na jibu. Kurudi na jibu, alisema, ndiyo kazi ngumu, hasa jibu likiwa "hapana".

Tukiwa njiani nilimuuliza swali langu la Butembo: kwa nini PAM, ambalo huko wanaliita WFP, liligeuka kutoa franga badala ya mahindi? Alicheka. "Yaya, mahindi hayajipiki. Mtu alipewa mahindi, akauza mengine kwa bei ya kutupa ili apate ya kulipia kinu, makala na daftari la mtoto. Mwenye gari alisubiri palepale nje ya uwanja, ananunua." Na wanaume wanaokunywa? "Wapo. Walikuwepo hata wakati wa mahindi, waliuza gunia." Ndiyo maana, akaeleza, wanaita mume na mke pamoja katika mafunzo ya kupanga matumizi, na hesabu inafanywa wote wakiwa wameketi. Haiponyi kila nyumba. Alinionyesha kwa kidevu nyumba moja ambayo haikupona.

Sasa niwaeleze kuhusu kiasi, maana huku tunasikia kwamba wakimbizi wa Uganda wanalishwa. Chakula kamili cha mtu mmoja kwa mwezi kilihesabiwa kuwa shilingi 31,000, yaani kama dola nane. Michango ya nchi wafadhili ilipopungua, Aprili 2020 zilishuka hadi 22,000, na Februari 2021 hadi 19,000. Julai 2023 familia ziligawanywa makundi matatu kulingana na udhaifu wao: kundi la kwanza lilipata zaidi, la pili kidogo, la tatu halikupata kitu. Kisha Mei 2025 PAM likatangaza kwamba limelazimika kuwaondoa karibu watu milioni moja. Kati ya mama zetu 14, watano bado wako kwenye orodha. Tisa hawamo.

Hatukujua hilo. Katika mkutano wetu tuliwafikiria wote kuwa sawa, kwa sababu walitoka hapa siku moja wakiwa sawa.

Na hapa ndipo kosa langu. Mama zetu walikuwa wametungoja chini ya mti karibu na bomba la maji. Tulilia kidogo, tukacheka, tukaulizana habari za waliokufa na waliozaliwa. Watu wengine wa kijiji walikuja kutazama wageni. Nami, kwa furaha, nikatoa karatasi ya majina na kuanza kusoma kwa sauti: mama fulani, shilingi 70,000. Nilisoma majina mawili tu. Mhamasishaji alinishika mkono, taratibu, akaniambia sikioni: "Mama, hapa hatusomi franga ya mtu mbele ya watu." Alisema kwa wote kwamba wageni wamechoka na watakula kwanza. Tukaingia katika nyumba ya mmoja wao, mlango ukarudishwa.

Ndani nilielewa. Yule wa kwanza niliyemtaja ana deni dukani. Mwezi wa tatu sasa mwenye duka ameshika kadi yake ya malipo kama rehani, jambo lisiloruhusiwa lakini linafanyika. Kabla hatujamaliza kula bugali wa mahindi, ambao huko wanauita posho, kijana wa duka alikuwa amesimama mlangoni, "anasalimia tu". Mama zetu walinyamaza. Mimi ndiye niliyemwita kwa mdomo wangu.

Mhamasishaji alitoka naye. Baadaye nilijua kwamba alimpeleka yule mama dukani pamoja na kiongozi wa kijiji, deni likaandikwa upya kwa vipande vya kila mwezi, na kadi ikarudi kwa mwenyewe. Hakupiga kelele. Alimwambia tajiri wa duka kwamba ama wanamaliza hapo, ama jambo litaandikwa kwenye daftari. Inaonekana lile daftari linaogopwa.

Tukabaki na swali la mgawanyo. Mweka hazina wetu alishikilia 70,000 kwa kila mmoja: ndivyo mkutano ulivyoamua, naye ndiye atakayeulizwa. Mama mmoja wa wale tisa alisema hapana, wenye kupata kila mwezi wapishe. Mjane mmoja wa wale watano akasimama. Ana watoto sita. "Ninyi mnadhani nimo kwenye orodha kwa sababu nimebarikiwa? Nimo kwa sababu sina mtu. Mkininyima kwa sababu PAM linanipa, basi mnaniadhibu kwa ujane." Hakuna aliyejibu. Mtoto alilia, wakampokezana. Nilimtazama mhamasishaji, nikitumaini atakata shauri, lakini alisema hiyo si franga ya shirika, ni ya chama chetu, na akatoka kwenda kutazama mzee mgonjwa nyumba ya tatu. Nadhani alifanya makusudi.

Ilichukua muda mrefu, nami sikuwa na la kuongeza, kwa hiyo nilimenya vitunguu. Mwishowe waliamua wenyewe hivi: wale tisa wapate 80,000 kila mmoja, hiyo ni 720,000. Wale watano wapate 40,000 kila mmoja, hiyo ni 200,000. Zinabaki 60,000, na hizo zianzishe sanduku la likirimba, ambalo mtu wa kwanza kukopa awe yule mjane, bila faida, ili anunue samaki ziwani na kuwauza sokoni. Mjane alisema 40,000 bado haimtoshi. Aliambiwa ni kweli, haimtoshi. Akaipokea.

Mweka hazina aliandika upya karatasi yote. Alikuwa amekasirika kidogo, lakini aliandika vizuri, na kila mama aliweka kidole, kwa wino wa kalamu, kwa sababu hatukubeba kidau cha wino. Wao waliona ni jambo la kawaida. Uganda iliwahesabu wakimbizi wote kwa alama za vidole mwaka 2018, baada ya kugundulika kwamba hesabu zilikuwa zimeongezwa na watu walikuwa wakila kwa majina yasiyo na wenyewe. Tangu hapo, alisema mmoja, "huku kidole kinakula kabla ya mdomo".

Tulilala usiku huo palepale, sita katika chumba kimoja. Tuliongea mpaka jogoo. Wengi wanataka kurudi, lakini si sasa. Wawili walisema hawatarudi, watoto wao wameanza shule kwa Kiingereza na wanajibu mama zao kwa maneno wasiyoyaelewa. Walitaka kujua bei ya sombe Butembo, nani ameolewa, na kama mti wa parachichi wa nyuma ya ofisi yetu bado upo. Niliwaambia upo. Hawakuulizia vitenge. Mmoja aliuliza mbegu: lenga-lenga yetu, ile yenye majani mapana, kwa sababu ya huko haina ladha.

Asubuhi mhamasishaji alitusindikiza hadi kituo cha gari akiwa na daftari lake kwapani. Siku hiyo alikuwa na nyumba 30 za kupitia kuwaeleza watu kwamba tarehe ya malipo imesogezwa. Nilimpa kitenge kimoja, changu mwenyewe, si cha chama. Alikipokea, akakikunja, akasema atamfikishia mama aliyejifungua.

Karatasi yenye vidole 14 iko kwenye daftari la chama, ukurasa wa mwisho. Kila mwanachama anaweza kuja kuitazama Jumamosi kabla ya mkutano. Usafiri wetu tulijilipia, hakuna franga ya mchango iliyoguswa. Mkutano una haki ya kutuuliza kwa nini tulibadilisha mgawanyo uliopigiwa kura, na mweka hazina ameomba swali hilo liwe la kwanza. Mwenye mbegu za lenga-lenga azilete siku hiyohiyo, zimefungwa kwenye karatasi kavu. Kuna dereva wa Kasindi atakayeondoka Jumatatu.